Restora za Kijiji: Kibuyu Kitupu na Firigisi ya Papa

Katika mila za Bushi na za jamaa zingine za Kivu ya Kusini, chakula hakikuwa cha kushibisha tumbo peke yake. Nani ananawa wa kwanza, nani anakula na nani, kipande gani kinakwenda kwa nani: hayo yote yalikuwa masomo, na mtoto aliyajua mbele ya kujua kusoma. Njo maana tumeona ni vizuri, katika kijitabu hiki, kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wanalihesabu kuwa la starehe tu, ni kusema zile restora zinazojiita za kijiji, ambamo watu wa Bukavu wanakwenda kula jioni wawili wawili, bwana na bibi.

Kila mtu wa mji huu anazijua. Zingine ziko pembeni ya ziwa, zingine ziko njiani kwenda Kavumu. Utaona payoti za nyasi, vyungu ukutani, vibuyu vinavyoning'inia, viti vya miti, pengine na ngoma mlangoni. Tuliingia katika moja siku ya posho jioni, mwaka 2024, tukiwa wawili, bwana na bibi. Jina lake hatulitaji, juu hatukutaka kuaibisha nyumba moja. Ziko nyingi zinazofanana, na tunayosema hapa yanazihusu zote.

1. Nyasi na kinu

Nyumba ya zamani ya Bushi ilikuwa ya mviringo, imefunikwa nyasi tangu juu hadi karibu na udongo. Leo, Kabare ao Walungu, mtu akipata feza kidogo ananunua mabati kwanza. Hatuwezi kumcheka. Nyasi zinavuja, zinashika moto, na kila mara zinaomba kubadilishwa. Basi mwanakijiji anazikimbia nyasi, na mtu wa mji analipa dola ili akae chini yake. Hilo si kosa. Kila mtu anapenda kupumzika mahali ambapo hapafanani na kwake.

Kosa linaanza pale kijiji kinapogeuka pambo. Mlangoni kulikuwa kinu kizuri na mchi wake, vimepakwa vernisi vikang'aa. Tuliuliza kama sombe ya nyumba inatwangwa humo. Binti wa kuhudumia akacheka: "Ile ni ya kupamba tu, papa. Sombe tunasagisha ku mashine ku soko." Sombe yenyewe ilikuwa nzuri, hatuisemi vibaya, na mashine inawapunguzia mama zetu kazi ngumu. Lakini kinu kisichotwanga kinamfundisha nini mtoto aliyezaliwa Nguba ao Muhumba na ambaye hajaona kingine?

2. Vyakula "vya babu"

Juu ya karta iliandikwa kwamba hivi ni vyakula vya babu zetu. Chini yake tulisoma: bugali ya muhogo na mahindi, sombe, maharagi, sambaza, kuku ya kijiji, mashanza. Hapa mwalimu hawezi kunyamaza.

Tuanze na sambaza. Samaki hizi hazikuwa katika ziwa Kivu. Zilitolewa katika ziwa Tanganyika na kumwagwa huku kwetu kati ya mwaka 1958 na 1960. Babu aliyeoa mwaka 1940 hakuzijua hata kwa jina. Na muhogo, mahindi, maharagi? Vyote asili yake ni Amerika, vilifika Afrika kwa meli za Wareno tangu karne ya 16, kiisha vikapanda pole pole hadi milima yetu. Bugali ya wazee wa zamani ilikuwa ya mtama na ya ulezi.

Je, karta inadanganya? Hatusemi hivyo. Inatuonyesha kwamba mila zetu hazikuwa sanduku lililofungwa. Mama za Bukavu walipokea samaki ngeni, wakatafuta namna ya kuikausha na kuikaanga na pilipili, na leo mtoto wa huku akiwa Kinshasa ao Brussels, sambaza njo inamkumbusha kwao. Walioipokea walikuwa na mila vilevile kama wale waliokula ulezi. Tunacholaumu ni kwamba vile vya zamani kabisa havikuwako. Bugali ya mtama hapana, ya ulezi hapana.

Kilichookoa heshima ya nyumba ni mashanza. Maziwa ya Bushi, yaliyogandishwa na kukamuliwa maji yakawa fromaji laini, yalifika juu ya jani la ndizi pamoja na viazi vya kuchemsha. Yalikuwa mapya, chumvi kidogo, ladha safi. Tukikumbuka namna ng'ombe za Bushi ziliporwa katika vita tangu mwaka 1996, sahani ya mashanza inaonyesha kwamba wafugaji wetu walianza tena.

Kuku ilichukua saa moja na nusu. Hatuilaumu: kuku iliyokimbia inje maisha yake yote haiivi haraka, na anayetaka haraka aagize ya friji. Tunalaumu mchuzi. Uliwekwa kube nyingi za dukani mpaka ladha ya kuku ikafunikwa. Mtu anayeuza kuku ya kijiji, kiisha anaificha, anaogopa nini?

3. Kibuyu

Tuliomba kasiksi. Jibu: "Kasiksi hapana, papa. Iko bia na fanta." Juu ya vichwa vyetu kilining'inia kibuyu kikubwa na murija wake, kikavu, na buibui ndani.

Kwa vijana wasiojua: ndizi za pombe zinafunikwa mpaka ziive vizuri, zinakamuliwa na majani, maji yake matamu yanaitwa mutobe. Yakichanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakaachwa yachachuke, inakuwa kasiksi. Ni kinywaji cha ndoa na cha kupatanisha. Wazee wawili waliogombana waliinama juu ya kibuyu kimoja, na mtu aliyekataa murija alieleweka bila kusema neno.

Tunajua sababu za kukosekana kwake. Ugonjwa wa kunyausha ndizi ulionekana Masisi mwaka 2001, kiisha ukafika kwetu na kuharibu mashamba mengi. Iko pia sababu ya haya: watu wengi wa mji wanaona kasiksi ni ya maskini. Lakini nyumba iliyosoma neno "kijiji" mlangoni mwake ingeweza kununua bidoni moja kila siku ya posho kwa mama wa Kabare ao wa Idjwi. Hapo njo feza ya mji ingepanda mulima. Jioni ile kijiji kilitoa jina, nyasi na kibuyu, na hatukuona franka iliyorudi kwake kwa kinywaji.

4. Bwana na bibi

Tufike sasa mahali penyewe. Zamani baba alikula na vijana wake na wageni. Mama alikula na mabinti na watoto wadogo karibu na moto. Katika jamaa nyingi za Maziwa Makuu wanawake walikuwa na miiko: kuku hapana, mayai hapana. Mama alifuga kuku, akaichinjisha, akaipika, akaipeleka, kiisha akarudi kula majani. Bibi kukaa uso kwa uso na bwana wake, mbele ya watu, mikono yao katika kuku moja? Kilima kizima kingesema.

Kwa hiyo, katika restora ya kijiji, kitu ambacho hakikutoka kijijini kabisa ni sisi wawili tuliokaa mezani. Na nyumba haikujua itufanyie nini. Maji ya kunawa yalimwagiwa bwana kwanza. Karta ilipewa bwana. Binti akauliza: "Papa, mama atakula nini?" Na mama alikuwa pale, mdomo wake uko nao.

Kuku ilipofika, firigisi iliwekwa peke yake, upande wa bwana. Firigisi ni ya papa: hakuna nyumba ya huku isiyojua sheria hiyo. Bibi akaiangalia, akasema pole pole: "Leo tuikate." Tukaikata. Ni kitu kidogo, ukiigawanya inakuwa matonge mawili ya mutoto. Binti akacheka, akakwenda kuhadisia jikoni, na mama mpishi akatoka kutuangalia, mikono ingali na majivu. Akasema: "Miaka yote hii, kuipika napikaka. Kuikula, bado."

Msomaji mmoja atatujibu: mwacha mila ni mtumwa. Tunaijua methali hiyo, tunaifundisha. Lakini tujiulize mila hii ilitaka nini. Firigisi ilipewa baba kwa kumheshimu yule anayelisha nyumba na kujibu kwa ajili yake mbele ya watu. Sasa tuangalie Bukavu yetu. Tangu miaka ya vita na ya mishahara isiyofika, katika nyumba nyingi ni mama anayeamka asubuhi kubeba mzigo Kadutu ao kukaa na kitunga Nyawera, na ni feza yake inayolipa masomo. Tukifuata mila kwa sababu yake, firigisi imekwisha badilisha mwenyewe. Kuikata mara mbili ni kuipa mila haki yake. Na kumnyima mpishi kwa miaka yote ile ni deni ambalo hakuna mtu aliyeliandika.

5. Tunachoomba

Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, banki zilifungwa, feza ikawa shida, na kutoka usiku kukawa jambo la woga. Wako watakaosema huu si wakati wa kuzungumza juu ya restora. Sisi tunaona kwamba wakati wa shida watu wanatupa vitu vyao bila kuvihesabu, na afazali tuvihesabu.

Wenye restora tunawaomba mambo matatu: wajaze hata kibuyu kimoja kwa kasiksi iliyonunuliwa kijijini, waandike juu ya karta kila chakula kimetoka kilima gani, na wampe bibi karta yake. Bwana na bibi wanaokwenda kula tunawaomba wamuulize mpishi alivyopika, na wamsikilize. Walimu wenzetu tunawaomba wawatume wanafunzi nyumbani na ulizo moja la kumuuliza bibi mkubwa wa jamaa: "Ni chakula gani ulipika maisha yako yote na hukuruhusiwa kukila?" Majibu yaandikwe, na jina la kilima pembeni, mbele mama hao hawajatuacha.