Barua Isomwayo kwa Sikio: Tahakiki ya Maneno ya Programu za Barua Pepe

Programu ya barua pepe inapobadilishwa sura, mwenye macho huinung'unikia siku mbili tatu, kisha huizoea. Kitufe kilichokuwa kushoto hukikuta kulia, rangi imegeuka, na mambo yamekwisha. Kwa mtu asiyeona, aitumiaye programu hiyo kwa msaada wa kisoma skrini, badiliko hilo si la sura hata kidogo. Yeye hana kushoto wala kulia. Husomewa neno baada ya neno kwa sauti ya mashine, na kilichogeuka kwake ni mfuatano wa maneno, yaani sarufi ya kitu kizima. Kwa hiyo jambo hili, ambalo kwa desturi huachiwa mafundi, lastahili kutazamwa na watu wa lugha pia.

Mfano ulio wazi ni wa Gmail. Huduma hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilikuwa kwa miaka mingi na nyuso mbili: ule wa kawaida, na mwingine sahili wa HTML tupu, uliowafaa wenye vivinjari vya zamani na mtandao dhaifu. Wasikilizaji wengi waliupenda huo wa pili. Kila kiungo kilipobonyezwa, ukurasa mpya ulifunguka na kusomwa tangu juu. Mtu alijua aingiapo na atokapo. Mwaka 2023 Google ilitangaza kuwa uso huo ungeondolewa kuanzia Januari 2024. Waliokuwa wakiutegemea iliwabidi kujifunza uso wa kawaida, ambao ni ukurasa mmoja ujibadilishao ndani kwa ndani. Barua ikifutwa, orodha hujipanga upya pasipo ukurasa kufunguka tena. Mahali ambapo mtengenezaji wa ukurasa wa namna hii hakuweka alama ya kukiamuru kisoma skrini kulitamka badiliko, msikilizaji hubaki kimyani, asijue kama amri yake imetimizwa.

Haki itendeke: uso huo si adui wa asiyeona. Aliyekwisha kujifunza amri za herufi huenda kwa kasi kuliko alivyokwenda zamani, maana herufi c huanzisha barua mpya, r hujibu, e huweka barua kwenye kumbukumbu, na j na k humpitisha katika orodha. Taabu ni kwamba kisoma skrini nacho kina herufi zake. Katika NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye baadaye alishirikiana na James Teh, herufi e humpeleka msomaji kwenye nafasi ya kuandikia, na k humpeleka kwenye kiungo kifuatacho. Hayo ni katika hali ya kuvinjari. Katika hali ya pili herufi hupita moja kwa moja hadi kwenye programu ya barua. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu neno "kaa" kuwa na maana ya mnyama wa pwani, ya kipande cha moto na ya kuketi, kwa kuwa muktadha humwongoza. Hapa muktadha ni hali isiyoonekana, nayo ikigeuka hutangazwa kwa mlio mfupi tu. Asiyeusikia mlio huo hubonyeza e akitafuta nafasi ya kuandikia, kumbe ameiondoa barua yake katika kikasha, na huenda akaitafuta asijue imekwenda wapi.

Hayo ya mafundi yatosha. Yaliyo mazito zaidi kwa Kiswahili yamo katika majina ya masanduku yenyewe. Mfasiri aifuataye sarufi kwa uaminifu, akikumbuka kuwa barua ni za ngeli ya i-zi, huandika: zilizotumwa, zilizotiwa nyota, zilizoahirishwa, zilizoratibiwa, zilizofutwa. Kwa jicho orodha hiyo haina kosa. Hata ina urari wa kupendeza. Kwa sikio ni ukuta. Silabi tatu za kwanza ni zile zile katika kila jina, na baina ya zilizotumwa na zilizotiwa tofauti haianzi ila katika irabu ya silabi ya nne. Msikilizaji mzoefu hasubiri mwisho wa neno. Huiharakisha sauti, na apatapo dalili ya kwanza ya neno asilolitaka hulikata na kwenda mbele. Orodha hiyo yamnyima dalili, naye hulazimika kusikiliza "zilizo" mara tano ili apate sanduku moja. Kadhalika programu nyingi za kompyuta ya mezani humruhusu mtu kubonyeza herufi ya kwanza ya jina ili aruke hadi hapo. Hapa kila jina laanza kwa z, na njia hiyo ya mkato imekufa. Mtu asidhani kuwa Kiingereza kimesalimika, kwani huko nako majina mengi ya masanduku huanza kwa s. Lakini hutengana katika sauti ya pili.

Yawezekana kusemwa kuwa dawa ni kirejeshi cha kale kisicho na alama ya wakati: zitumwazo, zifutwazo. Umbo hilo ni fupi, mzizi umesogea mbele, na washairi wamelitumia tangu zamani. Walakini limepoteza wakati, na katika barua wakati ndio maana yenyewe. Zitumwazo zaweza kufahamika kuwa ni zile zingojazo kuondoka, na programu nyingi huzipa hizo sanduku lao. Mtu akikosea baina ya barua iliyokwenda na barua isiyokwenda, hasara yake si ya sarufi tu. Nomino fupi hufaa zaidi: Rasimu, Nyota, Taka, Kumbukumbu. Kila moja hujitenga na mwenziwe katika silabi ya kwanza. Jina moja la barua zilizokwisha kupelekwa ndilo gumu, na wanaistilahi wangelishughulikia hilo kabla ya mengine.

Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maneno ya kompyuta yamebishaniwa kwa bidii: tarakilishi, ngamizi au kompyuta, mtandao au intaneti. Ubishi huo umekuwa hasa juu ya asili ya neno na usafi wake, nao una faida. Lakini neno safi laweza kuwa baya likisikika mara mia kwa siku, na neno la mkopo lenye silabi mbili laweza kumpunguzia mtu nusu saa.

Pana na jambo la sauti. Ukurasa wa Kiswahili usiotiwa alama ya lugha yake huweza kusomwa kwa sauti ya Kiingereza, na hapo "rasimu" hupotolewa irabu zake na mkazo wake hadi Mswahili asiitambue. Sauti ya Kiswahili ipo katika eSpeak NG ambayo NVDA huja nayo, ila ukurasa usiojitambulisha hauiiti. Kinyume chake pia huudhi. Vitufe vingi siku hizi ni picha tupu, na jina lake limefichwa ndani kwa ajili ya kisoma skrini peke yake. Mfasiri afanyaye kazi kwa kutazama skrini halioni jina hilo, nalo hubaki la kigeni: maneno yote yaonekanayo ni Kiswahili, na yasiyoonekana ni Kiingereza kisomwacho kwa kanuni za Kiswahili, "delete" ikawa na silabi tatu na mkazo juu ya "le". Na pale jina lisipotiwa kabisa, msikilizaji huambiwa: kitufe, kitufe, kitufe.

Kasoro hii ya mwisho ndiyo rahisi kuigundua. Mfasiri na azime kisoma skrini, azime na skrini yenyewe, kisha aipitie tafsiri yake tangu kikasha hadi barua ya mwisho, akiandika kila neno lililomlazimu kusikiliza mara ya pili.