Kuipima Picha ya Uhamisho: Kazi za Zarina Bhimji

Anayetaka kujua kama kazi ya picha au video kuhusu uhamisho imeiva, kwanza aiweke kando hadithi ya msanii. Ya Zarina Bhimji inajulikana: alizaliwa Mbarara mwaka 1963; Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke; yeye akafika Uingereza mwaka 1974. Msiba huo unastahili heshima, ila si msiba unaoipa picha ubora. Tumeshaona masanduku makuukuu ya kutosha, na nyuso zinazosikitika dirishani. Picha za namna hiyo humwamuru mtazamaji ahuzunike bila kumpa cha kutazama. Basi tupime mahali palivyotazamwa. Katika Out of Blue, filamu ya dakika 24 iliyoonyeshwa kwenye maonyesho ya sanaa ya Documenta 11 mjini Kassel mwaka 2002, watu karibu hawaonekani. Kamera inapita polepole Entebbe, makaburini, kambini na kwenye nyumba zilizohamwa, ikikaa kwenye kuta zinazobanduka rangi kwa muda unaomlazimu mtazamaji aanze kujiuliza nani alikuwa akiishi hapo. Kisha fumba macho usikilize. Ndege, moto unaotatarika, minong'ono: sauti hizi zinawarudisha watu ambao picha imewaacha nje. Sauti inayorudia tu kilichoonekana ni pambo, na ndipo video nyingi za aina hii huanguka.

Wapo watakaosema magofu ni rahisi kuyapendezesha, na kwamba mateso yamegeuzwa mapambo ya ukumbi. Hatari hiyo ipo kweli. Lakini tazama mpangilio: filamu inaanza na mandhari ya kijani yenye ukungu, halafu nyasi zinashika moto. Uzuri haukuwekwa kumliwaza mtazamaji; bila kuona kilichopendwa, hawezi kukadiria kilichopotea. Pingamizi zito zaidi linawahusu Waganda Waafrika, ambao wengi waliuawa chini ya utawala huohuo wa Amin. Je, kuwaondoa watu kwenye picha si kuwafuta hao pia? Kwa sehemu, utupu unawahifadhi, maana chumba kitupu cha mahabusu hakisemi kilimfunga nani. Hata hivyo nakiri kwamba filamu haigusi sana swali la waliorithi maduka na nyumba za waliofukuzwa, wala la nafasi ya upendeleo ambayo ukoloni uliwapa wafanyabiashara wa Kiasia. Kwa sababu hiyo sishauri msanii huyu ahukumiwe kwa kazi moja. Yellow Patch ya mwaka 2011 inavuka bahari hadi India, kwenye ofisi za bandari ya Mumbai na wajenzi wa majahazi wa Mandvi, ikichunguza biashara iliyowaleta watu Afrika Mashariki tangu mwanzo. Mwenye nafasi aanze na Out of Blue, ndipo aitazame hii.