Aina Mbili za Weusi wa Dapi

Nimekaa Ogwedhi, soko ambalo Mjaluo, Mmaasai na Mkuria hubishania bei ya ng'ombe, natazama dapi mbili. Moja ni mtungi wa maji wa kweli, umeketi juu ya kata yake. Ya pili imechorwa na kijana wa hapa kwa rangi za maji.

Tumbo la mtungi hakulipaka kwa mkupuo. Alitanguliza hudhurungi nyepesi, maji mengi rangi kidogo, akaiacha ikauke kabisa, kisha akapitisha ya pili na ya tatu upande wa kivuli. Tabaka la chini huonekana kupitia la juu, ndiyo maana kivuli bado kina wekundu. Angekoroga nyeusi tu, tungepata sufuria.

Kazi hasa iko kwenye weusi. Dapi huchomwa uwanjani bila tanuri, na kuni zilipoegemea hubaki doa la moshi. Hapo kijana alilowesha karatasi kwanza, akagusisha ncha ya brashi, rangi ikatambaa yenyewe na kingo zake zikafifia. Ukikosea hapo, hurekebishi. Chini ya tumbo kuna weusi mwingine: jasho, maji yanayopenya udongo na kuupoza mtungi. Huo aliupaka juu ya karatasi kavu, ukakauka na ukingo mkali. Nilipiga picha ya mtungi wenyewe kwa simu. Doa na jasho vikatoka kitu kimoja.

Kati ya 1935 na 1942 serikali ya Marekani iliwalipa wachoraji wanakili namna hii vitu vya kazi ya mikono, vikapu, viti, mitungi, takriban michoro 18,000, kwa kuwa picha za rangi za kamera zilikuwa bado haziaminiki. Kwa dapi hii, mimi bado siiamini kamera.

Kosa la mchoro liko begani. Mfinyanzi aliviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, ikaacha alama. Kijana amezipanga kwa nafasi sawa hadi pembeni, ilhali mviringo unapogeuka alama hubanana. Kwa hiyo bega limelala bapa kama sahani, na hakuna kivuli kitakacholiinua.

Mama mwenye dapi aliutazama mchoro, akafuata mstari wa jasho kwa kidole.

"Maji yalikuwa yamefika hapa tu," akasema. "Nani alikunywa akaacha bila kujaza?"