Herufi za Chini ya Mguu: Namna ya Kuzisoma Sarafu za Kaisari Probus

Ukiiweka sarafu ya Kaisari Probus kiganjani, macho yataenda usoni kwanza. Ni uso wa askari: shingo nene, ndevu fupi, na kichwani taji lenye miale ya jua. Wengi wanaoanza kukusanya sarafu za Roma huishia hapo. Wakiigeuza, humtazama mungu au mfalme aliyesimama upande wa pili, wakayasoma maneno yanayozunguka ukingo, basi. Mimi nawaomba washuke zaidi, hadi chini ya mstari ambao watu hao wameukanyaga. Hapo pana herufi ndogo kama PXXI, SXXI au KAΔ. Anayezielewa atajua sarafu ilipigwa mji gani, ilitoka karakana ipi ya mji huo, ni ya toleo gani, na walioipiga waliahidi kuweka fedha kiasi gani ndani yake. Anayezipuuza ana kipande cha shaba chenye picha.

Probus alizaliwa Sirmium, mji ambao leo unaitwa Sremska Mitrovica nchini Serbia. Alitawala kuanzia mwaka 276 hadi 282, askari wake walipomuua hukohuko karibu na kwao. Ni miaka sita tu, lakini katalogi ya Percy Webb ya mwaka 1933, ambayo wakusanyaji bado wanaitumia, imempa aina zaidi ya 900. Tena hizo ni aina, si idadi ya sarafu. Sarafu zenyewe zimefukuliwa kwa maelfu: hazina ya La Venèra peke yake, iliyochimbuliwa karibu na Verona mwaka 1876, ilikuwa na sarafu zaidi ya 40,000 za enzi hiyo, na za Probus zilijaa tele. Ndiyo maana bei yake si ya kutisha. Sarafu yake ya kawaida, iliyo safi na inayosomeka, huuzwa kwa makumi ya dola, si mamia.

Herufi za chini ya mguu hazikuwekwa kwa urembo. Mwaka 215 Kaisari Caracalla alitoa sarafu mpya yenye taji la miale, uzito wa gramu 5 hivi, karibu nusu yake ikiwa fedha. Vita vikafuatana, wafalme wakapinduana, na kila aliyehitaji kulipa jeshi alipunguza fedha kidogo na kuongeza shaba. Ilipofika mwisho wa zama za Gallienus na zama za Claudius wa Pili, karibu na mwaka 270, fedha iliyobaki ilikuwa asilimia 3 au pungufu. Vipande vilikuwa vidogo, vimekatwa ovyo, maandishi yakitoka nje ya ukingo. Kisha ikaja fitina ya kiwandani. Mwaka 271 wafanyakazi wa kiwanda cha sarafu cha Roma waliasi wakiongozwa na Felicissimus, mkuu wa hazina. Waandishi wa kale wanasema walikuwa wameichakachua sarafu, na kwamba Kaisari Aurelian alipoteza wanajeshi 7,000 katika kuwazima kwenye kilima cha Caelius. Hata tukiipunguza hesabu hiyo, ugomvi wa kiwanda uliogeuka vita ndani ya mji mkuu unatuonyesha jinsi uozo ulivyokuwa umefika mbali.

Aurelian alijibu mwaka 274 kwa sarafu mpya: gramu 4 hivi, duara zuri, chapa iliyokaa sawasawa, na fedha iliyopandishwa hadi karibu asilimia 5. Chini ya mguu ikaandikwa XXI, au KA katika viwanda kadhaa vya mashariki, ambavyo ni 21 kwa tarakimu za Kigiriki. Probus aliurithi mfumo huu, akaupeleka mbali kuliko mtu yeyote kabla yake.

Wataalamu wamebishana sana juu ya hiyo XXI. Wapo waliosema ni thamani, yaani sarafu hii moja ni sawa na vipande 20 vya aina nyingine. Wengine wakasema ni mchanganyiko: mafungu 20 ya shaba kwa fungu 1 la fedha. Mimi nasimama na hawa wa pili, na ushahidi wao mkubwa unatoka kwa wafalme waliomtangulia na kumfuata Probus. Chini ya Tacitus, viwanda vya Antiokia na Tripolis ya Foinike vilitoa sarafu chache zenye XI, au IA kwa Kigiriki. Chini ya Carus, kiwanda cha Siscia, Sisak ya leo huko Kroatia, kikaandika X ET I. Maabara zilipopima vipande hivyo zilikuta fedha karibu mara mbili ya ile ya sarafu za XXI. Kumi kwa moja inaleta asilimia 9 hivi, na ishirini kwa moja inaleta karibu 5. Alama ikibadilika, fedha nayo inabadilika. Sioni namna ya kuipinga hesabu hiyo.

Hapa pana tahadhari kwa anayependa vipimo. Sarafu hizi zilitengenezwa kwa shaba iliyoyeyushwa pamoja na fedha kidogo, bati na risasi, kisha vipande vikaandaliwa ili ngozi ya juu iwe na fedha nyingi. Namna walivyofanya ingali na mjadala: wapo wanaosema vipande vilichovywa katika asidi nyepesi ili shaba ya juu iondoke na fedha ibaki, wengine wanaamini fedha ilipakwa juu. Kwa vyovyote vile, ukiielekeza mashine ya mionzi kwenye sarafu isiyochakaa itakusomea ngozi tu, na utatangaza asilimia 20 au 30 ambazo hazimo. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachofika ndani ya chuma.

Sasa tuzisome herufi zenyewe. Ticinum, mji wa Pavia wa leo huko Italia kaskazini, ulikuwa na karakana sita. Kila moja ilijitambulisha kwa namba ya Kilatini iliyofupishwa: P kwa ya kwanza, S kwa ya pili, T kwa ya tatu, Q kwa ya nne. Ya tano na ya nne zote kwa Kilatini huanza na Q, kwa hiyo ya tano ikachukua tarakimu V, na ya sita ikawa VI. Ukiona SXXI, basi sarafu ilipigwa katika karakana ya pili. Fedha ikipungua, msimamizi hahitaji kumhoji kila mtu mjini. Anajua aende mlango gani. Baada ya yale ya mwaka 271, hilo halikuwa jambo dogo.

Roma ilikuwa na karakana saba. Antiokia ilikuwa na tisa, ikizihesabu kwa herufi za Kigiriki kutoka A hadi Θ, na herufi hiyo mara nyingi huonekana katikati ya picha, kati ya miguu ya mfalme na Jupiter anayemkabidhi mamlaka. Serdica, yaani Sofia ya leo, iliandika KA ikifuatiwa na herufi ya karakana. Lugdunum, ambayo ni Lyon huko Ufaransa, ilijitenga: ilitumia A, B, C, D au I hadi IIII, na kwa kawaida haikuandika XXI kabisa. Anayeanza akikutana na sarafu isiyo na XXI huishuku kuwa bandia. Aangalie kwanza kama si ya Lugdunum.

Kuna toleo moja ambalo ningependa kila mkusanyaji alishike mkononi walau mara moja. Katika toleo hilo, karakana za Ticinum ziliongeza herufi moja katika nafasi wazi kando ya picha. Karakana ya kwanza iliweka E. Ya pili Q. Ya tatu V. Ya nne I. Ya tano T. Ya sita I. Ukiwa na sarafu moja, hiyo herufi haina maana yoyote. Zipange sita kwa mfuatano wa karakana, PXXI, SXXI, TXXI, QXXI, VXXI, VIXXI, na neno linajitokeza: EQVITI. Roma nayo ilikuwa na karakana saba, ikagawa herufi saba: AEQVITI.

Herufi hizo zinapotosha kirahisi, na hapa ndipo jicho linapojifunza. Q inaweza kuwa namba ya karakana ya nne, na inaweza kuwa herufi ya siri ya karakana ya pili. Kinachotofautisha ni mahali: Q iliyotangulia XXI chini ya mstari ni namba ya karakana, Q iliyosimama juu kando ya picha ni sehemu ya neno. V na T zina mtego uleule. Nimeona maelezo ya wauzaji yakitaja karakana ya nne, ilhali picha inaonyesha wazi SXXI chini na Q pembeni. Anayejua kusoma hununua kile ambacho muuzaji hajui kuwa anakiuza.

Aliyeukamata mpango huu ni Alexander Missong, mtaalamu wa sarafu wa Austria, aliyezipanga sarafu za Probus kwa karakana na matoleo katika miaka ya 1870. Hakuwa na hati yoyote ya kiwanda, kwa maana hakuna iliyobaki. Alichokuwa nacho ni sarafu nyingi za kawaida, mezani, moja kando ya nyingine. Karl Pink alikuja kuuendeleza mpangilio huo katika kazi aliyoichapisha mwaka 1949.

EQVITI maana yake nini? Wapo wanaolihusisha na askari wa farasi, waliokuwa nguzo ya jeshi la wakati huo. Wengine wanaliona kuwa jina la heshima la Probus mwenyewe, Aequitius. Mimi naelemea upande wa jina, kwa sababu Roma ilianza na AE, na tahajia hiyo hailingani na neno la Kilatini la wapanda farasi. Vyovyote iwavyo, mchezo ulienea. Chini ya Diocletian, kiwanda cha Siscia kiligawa IOBI kwa sarafu za Diocletian na HPKOYΛI kwa za mwenzake Maximian, yaani Jupiter na Hercules, miungu walinzi wa wafalme hao wawili, kwa herufi za Kigiriki.

Tarehe nazo hupatikana kwa kuunganisha vidokezo. Sarafu nyingi za Probus hazina mwaka, lakini alikuwa konsuli mara tano: 277, 278, 279, 281 na 282. Picha inayomwonyesha amevaa joho la ukonsuli na kushika fimbo ya enzi yenye tai kwa kawaida huhusishwa na miaka hiyo. Msaada mkubwa unatoka Aleksandria, Misri, ambako sarafu za Kigiriki ziliandikwa mwaka wa utawala. Mwaka wa Misri ulianza tarehe 29 Agosti. Zipo sarafu za Aleksandria za mwaka wa 8 wa Probus, na mwaka huo ulianza Agosti 282. Kwa hiyo wakati huo Misri ilikuwa bado inamhesabu kuwa hai. Kipande kimoja cha shaba kinatuwekea mpaka wa kifo cha Kaisari.

Kuhusu picha za kichwa nitasema kwa kifupi, maana ndizo zinazopendwa na kila mtu. Probus huonekana amevaa dirii, au amevaa kofia ya chuma na kushika mkuki na ngao, mara nyingi akitazama kushoto. Siscia ilipiga vizuri hasa: mbwa mwitu jike akinyonyesha mapacha kwa maneno ORIGINI AVG, na mji wenyewe katika umbo la mwanamke kati ya miungu wa mito miwili. Hizo mbili ni ghali, na zinastahili.

Katika kununua, hofu kubwa isiwe bandia peke yake. Sarafu ya kumimina kwenye kalibu hujisaliti: ngozi yake ni laini kama sabuni, ina vitundu vya hewa, na ukingoni kuna mstari wa maungio. Linalowaumiza wengi zaidi ni sarafu halisi iliyoharibiwa. Ngozi ya fedha ni nyembamba mno. Anayeitumbukiza katika siki au ndimu ili ing'ae huiondoa kwa dakika chache, na hairudi. Wapo pia wanaopaka fedha upya. Fedha ya kale imechakaa mahali palipoinuka, kama puani na kwenye nywele, na imebaki mabondeni kati ya herufi. Fedha iliyotanda sawasawa kila mahali, juu ya sura iliyolika, ni ya jana. Ukiona unga wa kijani kibichi unaotoka kila ukiufuta, chumvi imeingia ndani ya shaba: itenge na nyingine, iweke mahali pakavu.

Liko pia suala la mahali ilikotoka. Sarafu zinazochimbwa usiku kwa vifaa vya kunusa chuma huondolewa katika udongo uliokuwa na habari zao, na La Venèra isingetufundisha kitu kama ingeuzwa moja moja gizani. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 na sheria za nchi kama Italia na Uturuki zinakataza kuzisafirisha nje ya nchi kwa magendo. Taka risiti, jina la mnada wa zamani, au kibali cha nchi iliyotoka. Muuzaji asiyetaka kujibu, mwache na mali yake.

Huhitaji kununua ili uanze kusoma. Katalogi ya mtandaoni inayoitwa OCRE, ya Shirika la Sarafu la Marekani lililoko New York, ni ya bure, na ina picha za sarafu kutoka makumbusho mengi. Tafuta Probus, chagua Ticinum, uangalie chini ya mguu kabla ya kuangalia uso. Ukishaweza kuzipanga sita za EQVITI kwa macho yako mwenyewe, hapo ndipo ufungue pochi, na ununue zile zenye karatasi tu.