Kombe kutoka Runit

Filamu-shairi ya Rise, iliyotoka mwaka 2018, ni ya dakika sita na ushei. Dan Lin ndiye aliyeiongoza, na washairi wake ni wawili: Kathy Jetn̄il-Kijiner wa Visiwa vya Marshall na Aka Niviâna wa Greenland. Wengi husifu mandhari yake. Mimi naona uzito wake umo katika namna ilivyopangwa.

Tuanze na mahali. Filamu ingeweza kubaki Marshall, bahari ikivamia nyumba za watu, picha ambayo ulimwengu umekwisha izoea hata haushtuki. Badala yake Jetn̄il-Kijiner amesafiri hadi Greenland, akasimama juu ya barafu yenyewe. Barafu yote ya huko ikiyeyuka, bahari itapanda kwa mita 7 hivi, na Marshall nchi kavu imeinuka wastani wa mita 2 tu. Hesabu hiyo haisomwi popote katika filamu. Inatosha kumwona alipokanyaga.

Halafu kuna zawadi, na hapa ndipo ufundi ulipo. Mgeni anamwita mwenyeji dada, mwenyeji anampokea kwa jina hilohilo, kama wageni wapokewavyo. Niviâna anatoa mawe ya ufukwe wa Nuuk. Jetn̄il-Kijiner amekuja na kombe za baharini alizookota Bikini na Runit. Majina hayo mawili yametajwa bila maelezo, nayo yamebeba historia nzima. Kati ya 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia Marshall, Bikini na Enewetak zikiumia kuliko kwingine. Runit, katika Enewetak, udongo wenye sumu ulitupwa ndani ya shimo la bomu, ukafunikwa kuba la zege lenye unene wa sentimita 46. Chini hapakusakafiwa, kwa hiyo maji ya bahari hupenya. Bahari ikizidi kupanda, kuba hilo limo njiani mwake. Kombe moja mkononi, basi, ni ukoloni na tabianchi kwa pamoja, wala mshairi hakuhitaji kuhutubia ili kuviunganisha.

Greenland nayo ina historia kama hiyo. Jeshi la Marekani lilichimba kambi ya Camp Century chini ya barafu kuanzia 1959, likaihama mwaka 1967 na kuacha taka zake humo. Shairi linataja taka za nyuklia za pande zote mbili, na baada ya hapo “mimi” inageuka “sisi” bila kulazimishwa.

Hekaya walizobadilishana, ya Mama wa Bahari na ya dada wawili waliogeuka mawe, zinapita upesi. Ya dada hao ningependa ipewe nafasi zaidi: mmoja alichagua kuwa jiwe ili asimwache mwenzake, na hiyo ni hoja nzito kwa watu wanaoambiwa wahame. Nafasi hiyo imechukuliwa na mwito kwa ulimwengu mwishoni, sehemu ambayo kwangu ni dhaifu, maana zawadi zilikwisha fanya kazi hiyo.

Atakayeitazama Rise mara ya kwanza aanze na Anointed, filamu-shairi ya mshairi huyo wa Marshall na mwongozaji yuleyule, ya mwaka huohuo. Humo Jetn̄il-Kijiner yuko Runit, juu ya kuba, akiuliza ni nani aliyewapa wenye mabomu mamlaka ya kuunguza, na hakuna wa kumjibu. Aliyeliona kuba hilo hatahitaji kuambiwa kombe zile zina maana gani.