Njia Inayofungwa Saa ya Kengele

Katika kadhia zote zinazowashughulisha wakuu wa miji mintarafu ya magari, sijui iliyo ngumu zaidi kutawaliwa kwa amri kuliko ile ya robo saa inayotangulia kengele ya shule, kwa sababu wanaoivunja amri wakati huo ni wazazi, watu wema aghalabu, na kila mmoja wao ana udhuru anaouona kuwa ni halali: mvua inanyesha, kazini amechelewa, mtoto ni mdogo, na gari litasimama dakika moja tu. Dakika hiyo moja, ikishazidishwa kwa idadi ya wazazi, ndiyo inayoligeuza lango la shule kuwa mahali pa hatari kuliko penginepo katika safari nzima ya mtoto.

Waingereza walijaribu kwanza kuitibu kadhia hii kwa sheria ya maegesho. Mbele ya malango ya shule walichora mistari ya manjano iliyopindapinda, yenye maandishi barabarani ya kuwaonya madereva wasisimame hapo, ili mtoto anayevuka aone na aonekane. Shauri lilikuwa jema, walakini utekelezaji wake ulihitaji shahidi, na shahidi hakupatikana; maana shule zote hufunguliwa karibu wakati mmoja, na askari wa maegesho aliyesimama kwenye lango moja huwa hayupo kwenye malango mengine yote ya mtaa. Mwaka 2015, Bunge lao lilipobana matumizi ya kamera katika kuwatoza faini walioegesha vibaya, mistari hii ya shule iliachwa miongoni mwa mambo machache yaliyosamehewa, jambo linaloonyesha jinsi ilivyokuwa taabu kuilinda kwa macho ya binadamu.

Na tuitazame kwa karibu hali yenyewe. Gari la kwanza limesimama juu ya mistari, mlango wa nyuma umefunguliwa upande wa barabara, na mtoto aliyekwisha kushuka anarudi kuchukua mkoba aliousahau. La pili, kwa kukosa nafasi, limesimama ubavuni mwa la kwanza. La tatu halina pa kupita, basi larudi nyuma. Na dereva wake, hata akigeuza shingo na kutazama vioo vyote kwa uangalifu, hana hila ya kumwona mtoto wa miaka 5 ambaye kichwa chake hakifiki ukingo wa chini wa dirisha la nyuma. Hakuna hata mmoja wa madereva hawa watatu aliyekwenda mbio.

Dawa ilitoka Italia. Mji wa Bolzano, kuanzia mwaka 1989, ulianza kuzifunga kwa muda mfupi njia zinazopakana na shule, watoto wanapoingia na wanapotoka, kisha kuzifungua tena. Ukilifikiri jambo hili kwa makini utaona kwamba lilibadilisha swali lenyewe: badala ya kuuliza gari litasimama wapi na kwa muda gani, maswali mawili yasiyokwisha ubishi, sheria sasa yauliza kama gari limeingia au halikuingia. Jibu la swali hilo ni ndiyo au la, na kamera yaweza kulitoa bila kuchoka.

Kamera ndiyo iliyotumiwa London. Hackney ilianza mwaka 2017, na mitaa mingine ya jiji hilo ikafuata kwa wingi baada ya maradhi ya korona kuzuka mwaka 2020. Kwenye kila mwingilio wa njia ya shule husimikwa kibao chenye duara jekundu, ndani yake picha ya pikipiki juu ya gari, na chini yake saa za marufuku: mathalani tangu saa mbili u nusu hadi saa tatu u robo asubuhi, na tena alasiri, siku za masomo peke yake. Kamera husoma namba ya gari linaloingia na kuilinganisha na orodha ya walioruhusiwa, yaani wakazi wa njia ile, walemavu wenye kibali na wachache wengineo. Gari la wagonjwa halizuiwi. Mkazi ambaye gari lake lilikuwa ndani tangu usiku hana taklifu yoyote akitoka. Asiyekuwamo katika orodha huletewa barua ya faini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa pauni 130, nusu yake ikisamehewa kwa alipaye ndani ya siku 14.

Nami naona ufundi mkubwa zaidi ulikuwa katika sheria kuliko katika kamera. Halmashauri nyingi hazikuanza kwa amri ya kudumu. Zilitumia amri ya majaribio, inayoruhusiwa na sheria ya barabara ya mwaka 1984, ambayo haizidi miezi 18, na wananchi hupewa miezi 6 ya kwanza kupeleka pingamizi zao huku njia ikifungwa na kufunguliwa mbele ya macho yao. Mtu akilalamika, analalamikia jambo aliloliona, na wala si hofu ya jambo alilosimuliwa. Nje ya London mambo yalichelewa, kwa kuwa hadi mwaka 2022 halmashauri za England hazikuwa na mamlaka ya kutoza faini ya namna hii. Ilikuwa kazi ya polisi, na polisi wana shughuli nyingine.

Matokeo yalipimwa. Utafiti uliotangazwa na Meya wa London mwaka 2021 ulionyesha kwamba gesi ya naitrojeni daioksaidi, itokayo katika moshi wa magari, ilipungua kwa kiasi cha hadi asilimia 23 asubuhi, wakati wa kuleta watoto. Hoja ya wapinzani, kwamba magari huhamia tu njia ya pili, haikosi ukweli. Lakini mapitio ya Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier ya mwaka 2020 hayakukuta kwamba uhamaji huo huzaa hatari kubwa ya barabarani.

Udhaifu wake wa kweli uko penginepo. Njia kuu ya mabasi haifungiki, na shule iliyojengwa kando yake haipati faida hii hata kidogo. Hapo somo hutoka Dar es Salaam, ambako watoto wengi huenda shule kwa miguu na hatari yao ni mwendo wa magari ya watu wengine. Shirika la Amend liliwajengea njia za miguu, matuta, vivuko na vizuizi, na mahali pengine lilihamisha lango lenyewe likaelekea upande wenye magari machache. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2018 ilikuta majeraha yamepungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ukatunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji ya kituo cha WRI Ross.

Kwa hiyo halmashauri yoyote ya kwetu inayotamani kamera za London, kabla haijanunua kibao kimoja, na iwatume watu wake wakasimame langoni wiki nzima wakihesabu wangapi wanakuja kwa gari la mzazi, wangapi kwa basi la shule, wangapi kwa bodaboda na wangapi kwa miguu. Wengi wakiwa ni wa miguu, fedha ile na ijenge matuta na njia ya kupita.