Cherehani Iliyoshushwa Meno

Mfarishi wa Kimarekani, yaani tandiko zito la kujifunika lenye matabaka matatu, la juu la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, la kati la pamba na la chini la kitambaa kisicho na mapambo, haukamiliki mpaka utiwe mshono unaopenya matabaka yote na kuyashika pamoja. Mshono huo haukuanza kama urembo, kwa kuwa pamba ya zamani ilihama na kujikusanya mabonge baada ya kufuliwa, na aliyeacha nafasi pana kati ya mstari na mstari alilala na baridi katikati ya mfarishi wake mwenyewe. Ilibidi basi mistari ikaribiane, na kwa kuwa hapakuwa na budi nayo, mikono ya wanawake ikaipa maumbo ya manyoya, mashada na majani, hata baadaye watu wakasahau kwamba urembo ule ulizaliwa na hofu ya pamba kuhama.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa kwa sindano ya mkono, mara nyingi na wanawake kadhaa waliozunguka fremu moja ya mbao, na jamii za Kikristo za Waamishi wa Lancaster, Pennsylvania, hadi leo huunga vipande kwa cherehani ya kukanyaga lakini tabaka la pamba hulishona kwa mkono. Cherehani ya kawaida, kwa hakika, haikuwa rafiki wa maua na manyoya. Tangu Allen B. Wilson alipopata hataza ya utaratibu wake wa kusukuma kitambaa mwaka 1854, chini ya sindano hukaa safu za meno madogo ya chuma ambayo huinuka, husukuma kitambaa, huzama na kurudi yalikotoka, na kwa mwendo huo kila mshono hulingana na mwenzake hata kama anayekanyaga ana mawazo yake mbali. Meno hayo ndiyo yaliyoifanya cherehani iingie katika kila nyumba, lakini pia ndiyo yaliyoifunga kwenye njia iliyonyooka.

Ufundi unaosifiwa hapa, ambao kwa Kiswahili unaweza kuitwa ushonaji huru, unaanza pale meno hayo yanaposhushwa, au katika cherehani kuukuu yanapofunikwa kwa kibati, na futi ya kawaida inapotolewa ili iwekwe nyingine yenye kipete kinachoizunguka sindano na springi inayoinyanyua kidogo, kitambaa kipate nafasi ya kupita. Kuanzia hapo mashine haijui tena mbele wala nyuma. Sindano hupanda na kushuka mahali pamoja, na mikono isiposogeza kitu itatoboa tundu lile lile mpaka uzi ufanye fundo au ukatike. Hali hiyo inafanana na kuandika kwa kalamu iliyofungwa mezani huku karatasi ndiyo inayozungushwa chini yake, na si ajabu kwamba mwenye mwandiko mzuri hujikuta siku ya kwanza anachora mistari ya mtoto wa chekechea.

Kinachofundishwa hapo si maumbo, ingawa wanaoanza hudhani hivyo na hukimbilia kununua michoro. Kinachofundishwa ni mapatano ya mguu na mikono, kwa sababu urefu wa mshono, ambao zamani uliwekwa kwa skrubu, sasa hutegemea kasi mbili zinazotoka sehemu mbili za mwili mmoja: mguu ukienda mbio na mikono ikasitasita, mishono hubanana kama iliyokanyagana, mikono ikitangulia mguu, hutokea mishono mirefu iliyolegea ambayo kidole cha mguu kitainasa usiku wa kwanza. Mwanafunzi mwenye hofu hukanyaga kidogo kidogo na kusogeza kitambaa kwa mishtuko, na dawa yake, ambayo kila mwalimu huirudia, ni kuuacha mguu ushike mwendo mmoja na kuituliza mikono. Sikio hujifunza kabla ya jicho, kwani mlio wa mota ukishakuwa sawasawa, viganja viwili vilivyotandazwa pande zote za sindano huanza kuufuata bila kuambiwa, na macho hupata ruhusa ya kuiacha sindano na kutazama mahali inapokwenda.

Upande wa nyuma hausemi uongo. Kwenye kona za mviringo mikono huongeza kasi bila mwenyewe kujua, sindano huvutwa pembeni, na uzi wa juu hubaki chini ya kitambaa katika vitanzi vyembamba vilivyosimama kuzunguka mstari, ambavyo mafundi wa Marekani huviita kope. Juu mambo yanaweza kuonekana salama kabisa, kwa hiyo anayejifunza kwa dhati huzoea kugeuza kazi yake kila baada ya muda, kabla kope hazijaota mfarishi mzima. Tena kuna suala la uzito, ambalo vipande vya mazoezi haviwezi kulifundisha: nafasi kati ya sindano na mhimili wa cherehani ya nyumbani aghalabu haifiki sentimita 25, na mfarishi wa kitanda cha watu wawili hulazimika kukunjwa na kusokomezwa humo, huku sehemu inayoning'inia nje ya meza ikiivuta mikono nyuma. Ndiyo maana maua ya ukingoni huwa ya duara na yale ya katikati huwa na pembe, na mtazamaji mwenye jicho huweza kuonyesha hata mahali ambapo fundi alisimama, akaiacha sindano imezama, akapanga upya viganja vyake.

Inafaa kukumbukwa kwamba ufundi huu, unaosifiwa leo kama urithi, uliwahi kudharauliwa kama njia ya mkato. Harriet Hargrave alipochapisha mwaka 1987 kitabu cha kufundisha kazi hiyo kwa cherehani ya nyumbani, wengi bado waliamini kwamba mfarishi wa mashine si mfarishi, na mwaka 1989 huko Paducah, Kentucky, Caryl Bryer Fallert alipotwaa tuzo ya juu ya mashindano ya American Quilter's Society kwa mfarishi wa kupatwa kwa jua ulioshonwa kwa mashine, minung'uniko ilikuwa mingi. Walionung'unika hawakuwa wajinga, kwa maana fremu ya mbao na mazungumzo yake kweli ilizidi kusahaulika, ila walikosea kudhani kwamba mkono umeondoka, wakati ulikuwa umehama tu kutoka kwenye sindano kwenda kwenye kitambaa.

Safari hii unaondoka kweli. Kilikuja kifaa kinachopima mwendo wa kitambaa na kuirekebisha sindano ili mishono ilingane hata mikono ikikosea, na zikaja mashine kubwa za reli zinazoongozwa na kompyuta, ambapo mwenye kazi huchagua ua kwenye skrini na kwenda kunywa chai. Fundi wa Afrika Mashariki anayedarizi kwa cherehani ya kukanyaga, meno yakiwa chini na kitambaa kimebanwa kwenye fremu ya duara, anaifahamu hali hiyo bila kufika Paducah, kwani nembo za sare za shule alizokuwa akiletewa sasa hutolewa kwa mamia na mashine zisizohitaji mkono wake.

Madukani mambo yamekwenda mbali zaidi, kwa sababu baadhi ya vitandiko vinavyouzwa kwa sura ya mfarishi havina uzi kabisa: matabaka ya poliesta huyeyushwa na kugandishwa pamoja kwa mitetemo ya sauti isiyosikika na binadamu, na vidoa vinavyobaki hupangwa vifanane na mshono. Mnunuzi huona maumbo ya almasi na maua, hulipa, hufua, na siku madoa hayo yanapoachia, kitandiko hutupwa, kwa kuwa hata akipatikana fundi wa kukitengeneza, hakuna mshono wa kufuata.